Boy, simba wa sinema aliyerudishwa porini

Boy na dada yake Girl walilelewa Kenya na wanajeshi wa Scots Guards, kikosi cha Uingereza, kisha wakaigiza katika filamu Born Free, iliyotoka mwaka 1966 na kupata tuzo 2 za Oscar. Simba wengi wa filamu hiyo waliishia kwenye bustani za wanyama. George Adamson aliwapeleka hao wawili Meru wajifunze kuwinda. Girl aliweza. Boy alibaki amezoea watu, jambo lililomfaa kwenye sinema lakini la hatari porini. Alivunjika mguu, akawekewa chuma, akahamishiwa Kora mwaka 1970. Mwaka uliofuata alimrukia mfanyakazi wa kambi. Adamson akampiga Boy risasi. Mfanyakazi naye akafa kwa majeraha yake.