Galileo Galilei na Njia ya Jiwe Lirushwalo

Galileo Galilei alizaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564, akafa Mkatoliki. Wengi wetu twaijua kesi yake ya mwaka 1633 tu, alipolazimishwa kukana kwamba dunia hulizunguka jua. Ni haki tuijue pia kazi aliyoikamilisha baada ya hukumu.

Akiwa kifungoni nyumbani mwake Arcetri, akimlilia binti yake, Sista Maria Celeste, aliyefariki mwaka 1634, na macho yake yakififia, aliandika kitabu juu ya mwendo. Kilichapwa mwaka 1638 huko Leiden, Uholanzi.

Wasomi wengi walidhani jiwe lirushwalo huenda mbele kwanza, kisha huishiwa nguvu na kuanguka. Lakini Galileo, tangu alipofundisha Padua, alikuwa ameviringisha tufe hadi litoke mezani na kupima lilipoangukia. Alionesha kwamba jiwe lina miendo miwili kwa wakati mmoja: kwenda mbele kwa kasi ileile, na kushuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Miendo hiyo ikiungana huchora upinde uitwao parabola. Ndiyo maana mchungaji wa Masumbwe mwenye kombeo hulenga juu kidogo ya shabaha iliyo mbali. Na ukiacha ukinzani wa hewa, nyuzi 45 hulifikisha jiwe mbali zaidi.

Alifariki Januari 8, 1642, akiwa kipofu. Miaka 359 baada ya hukumu (mingi mno, kwa maoni yangu), Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri mbele ya Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea.