Jesse Owens: Dhahabu Hailiwi

Leo nawaletea Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1913. Kule Berlin, mwaka 1936, Hitler akitazama, alinyakua dhahabu nne: mita 100, mita 200, kuruka umbali na kupokezana vijiti. Lakini jamani, dhahabu hailiwi! Alipokataa kuendelea na ziara ya Ulaya isiyo na malipo, chama cha riadha cha kwao kilimfungia. Chuo alikiacha bila shahada, biashara yake ya dobi ikaanguka, akawa anashindana na farasi apate riziki. Baadaye aliinuka, akazunguka akihutubia vijana hadi kansa ya mapafu ilipomwua mwaka 1980. Wanariadha wenzangu, kimbieni tu, ila vitabu msivitupe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.