Hemingway, aliyeokoka ndege mbili

Sisi wa Kolwezi tunajua kumshukuru Mungu ndege ndogo inapotua salama. Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani, alizaliwa mwaka 1899 katika nyumba ya Waprotestanti, akawa mtu wa vita, uvuvi na uwindaji.

Januari 1954 alikuwa pamoja na mkewe Mary ndani ya Cessna, karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Ndege ikagonga waya wa zamani wa telegrafu, rubani Roy Marsh akalazimika kuishusha porini, pasipo uwanja. Usiku walilala nje, tembo wakiwa karibu. Kesho yake mashua ikawafikisha Butiaba, kwenye Ziwa Albert, tukitazamana nalo toka Kongo yetu. Huko ndege ya pili ikawaka moto ilipotaka kuruka, naye akavunja mlango kwa kichwa.

Magazeti yalikwisha kutangaza kifo chake. Alipoonekana hai watu walishangilia, kama sisi tunavyoimba Jumapili ya kwanza, halafu hatuendi tena kwa mgonjwa. Kichwa kilikuwa kimepasuka. Ini na figo zimeumia. Mwaka uleule alipewa tuzo ya Nobel, lakini hakwenda Stockholm kuipokea. Maumivu hayakumwacha, wala pombe, wala huzuni. Julai 1961 alijiua, akiwa na miaka 61.