Otenyo wa Kisii na msamaha usioombwa

Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada, mwenzangu wa chumba alikuwa Mkisii wa Nyamira, Msabato. Ijumaa mimi naenda msikitini, Jumamosi yeye kanisani, na Jumapili tunafua nguo tukibishana. Kwake ndiko nililisikia mara ya kwanza jina la Otenyo Nyamaterere.

Otenyo alikuwa kijana wa Kitutu, na alipata utu uzima nchi yao ikichukuliwa. Mwaka 1905 askari wa Mwingereza waliwapiga Wakisii kwa bunduki, watu wakiwa na mikuki na ngao tu. Mwaka 1907 serikali ikajenga boma Getembe, palipo na mji wa Kisii leo. Mkuu wake alikuwa G.A.S. Northcote, kijana wa miaka 26, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Mganga mmoja mwanamke, Moraa wa Ng'iti, jamaa yake Otenyo, hakuuficha uchungu wake. Aliwauliza vijana waziwazi kama bado wao ni wanaume.

Januari 1908 Otenyo akamvizia Northcote njiani, akamchoma mkuki. Mzungu hakufa.

Waliokufa ni Wakisii. Jeshi lilirudi likachoma nyumba, likateka ng'ombe kwa maelfu na kuua watu zaidi ya mia moja kwa kosa la mtu mmoja. Hata Winston Churchill, wakati huo Naibu Waziri wa Makoloni, aliyekuwa ameshuka hapa kwetu Mombasa miezi michache tu kabla, alihoji mauaji hayo. Otenyo akakamatwa, akauawa. Wakisii husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wanakidai. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong, akafariki 1948.

Sasa sikiliza. Mwaka 1911 wamishonari Wakatoliki walifika Nyabururu, na muda si muda Wasabato wakawa Nyanchwa. Wazungu tena. Watoto wa waliochomewa nyumba wakafundishwa kusamehe na watu wa rangi ileile ya waliozichoma. Mimi nililiona hilo kama dhihaka, na nikamwambia mwenzangu hivyo. Yeye hakukasirika. Alisema babu zake waliipokea Injili, hawakumpokea Northcote, na kwamba yeye binafsi alishawasamehe Waingereza kabisa.

Nikamwambia kwetu jamaa wa aliyeuawa ana hiari: kisasi, fidia au kusamehe, na kusamehe ni bora zaidi. Lakini unamsamehe vipi mtu ambaye hajakiri? Akanikumbusha kwamba Yesu wake, kwa imani yao, aliwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameomba. Hapo sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, nami ni mtu wa kubishana.

Nikamshika kwingine: basi kichwa mnakidai cha nini? Akaniangalia kama mtoto. Kusamehe, alisema, ni kuondoa chuki moyoni mwake yeye. Mfupa wa mtu ni wa kwao, urudi ukazikwe. Nikaona hapo tuko pamoja. Maiti ni amana, na hakuna sheikh ninayemjua atakayesema amana hufutika kwa sababu mwenyewe hana kinyongo.

Mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya. Nairobi alieleza majuto kwa maovu ya ukoloni, lakini kuomba radhi rasmi hakuomba. Kisha akaja Mombasa, akapelekwa Mtongwe na Fort Jesus, barabara zimefungwa, sisi tumekwama kwenye matatu. Nikiwa humo nikampigia rafiki yangu Nyamira. Alikuwa shambani kwake, kwenye majani chai. Akauliza kama mfalme amemtaja Otenyo. Nikamwambia mimi sijasikia jina hilo.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza watoto hawajambo.