Nikolsky, Daktari Aliyepima kwa Kidole

Askari aliyevaa buti mpya hahitaji kufundishwa lengelenge ni kitu gani. Lengelenge la buti hupona kwa siku chache. Lakini yapo malengelenge yanayozuka mwilini na kinywani bila kusababishwa na msuguano, na zamani yaliwaua wengi waliopatwa nayo. Leo tunamkumbuka aliyetuachia njia nyepesi ya kuyatambua.

Pyotr Vasilyevich Nikolsky alizaliwa mwaka 1858 nchini Urusi, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kiev. Katika tasnifu yake ya mwaka 1896 aliuchunguza ugonjwa uitwao pemfigasi. Aligundua kwamba ngozi ya mgonjwa, hata pale inapoonekana nzima, ikisuguliwa kwa kidole, tabaka lake la juu huteleza na kubanduka. Akafahamu kwamba tabaka za ngozi hiyo hazishikamani barabara. Wataalamu wa baadaye wakaonyesha sababu: kinga ya mwili huvishambulia vishikizo vya chembe za ngozi, mfano wa mlinzi anayeigeuzia bunduki kambi yake mwenyewe.

Mwaka 1900 Nikolsky akawa profesa mjini Warsaw. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mwaka 1915 chuo hicho kilihamishiwa Rostov, naye akaendelea na kazi huko. Alifariki mwaka 1940.

Dalili inayoitwa kwa jina lake haihitaji umeme wala hadubini. Humsaidia daktari kutenganisha pemfigasi na pemfigoidi, ambayo malengelenge yake ni ya ndani zaidi na magumu, na kwa kawaida dalili hiyo haimo. Huonekana pia mwili unapodhuriwa vikali na dawa, kama zile za salfa. Hali hiyo ilielezwa na daktari Alan Lyell mwaka 1956. Hata hivyo kidole hakitoi hukumu ya mwisho: kipande cha ngozi lazima kipimwe maabara.

Tangu miaka ya 1950 dawa za jamii ya kotisoni zimepunguza sana vifo vya pemfigasi, mradi mgonjwa awahi. Basi mwenzetu ambaye ngozi yake inabanduka baada ya kumeza dawa, au mwenye vidonda vya kinywa visivyopona, asijisugue kujipima wala asijikaze kiume. Aende zahanati siku hiyo hiyo, na ataje kila dawa aliyoimeza.