Sir John Pender: Mfalme wa nyaya aliyepigania ukiritimba wake hadi kaburini

CHINI ya Mlima Longonot, katika uwanda wa Bonde la Ufa, kulijengwa mwaka wa 1970 kituo cha kwanza Afrika Mashariki cha kurusha na kupokea mawasiliano kwa njia ya setilaiti. Kampuni iliyokimiliki, East African External Telecommunications, ilikuwa na mbia wa Kiingereza aliyeitwa Cable and Wireless. Anayefuatilia nasaba ya mbia huyo atarudi nyuma takriban karne moja, na mwishowe atamkuta mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Scotland, John Pender.

Pender alizaliwa Septemba 10, 1816 katika bonde la Leven, eneo lililosifika kwa viwanda vya kutia nguo rangi. Alisomea huko na katika shule ya upili ya Glasgow, kisha akaingia biashara ya pamba. Alipohamia Manchester alikuwa tayari mkwasi. Angeweza kutosheka na mali hiyo, lakini alivutiwa na teknolojia ambayo wengi waliiona kuwa kamari tupu: simu ya maandishi, hasa ile iliyopaswa kupita chini ya bahari.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Waya wa kwanza wa kuvuka Bahari ya Atlantiki ulifanya kazi wiki chache tu mwaka wa 1858 kabla ya kunyamaza. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza iliidhamini kampuni nyingine iliyotandaza waya katika Bahari ya Shamu kuelekea India. Nao ukafa, na hazina ya taifa ikabaki na deni la Pauni 36,000 kila mwaka kwa miaka 50. Msomaji aikumbuke hasara hiyo, maana ndiyo iliyowafanya wakuu wa hazina kuogopa bahari na kuwaachia watu binafsi.

Pender hakuogopa. Mwaka wa 1864 aliunganisha kampuni mbili za kutengeneza nyaya kuwa moja, huku akitoa dhamana yake mwenyewe ya Pauni 250,000. Waya wa 1865 ulikatika katikati ya bahari. Ule wa 1866, uliotandazwa na meli kubwa Great Eastern, ukafika Newfoundland salama. Ada ya kwanza ilikuwa Pauni 20 kwa ujumbe wa maneno 20, fedha ambazo kibarua wa wakati huo hakuzipata kwa miezi kadhaa. (Sisi wahariri tunaosifiwa kwa kufupisha habari tungepata kazi kwa urahisi siku hizo.)

Kisha serikali yenyewe ikamtengenezea njia. Kwa sheria ya 1868, Bunge la Uingereza liliamua kuzitwaa simu zote za nchi kavu na kuzikabidhi idara ya posta, kwa hoja kwamba kampuni binafsi zilitoza ghali na kuipuuza miji midogo. Wenye hisa walilipwa fidia nono. Sehemu ya fedha hizo ilihamia baharini, alikokuwa Pender. Kufikia Juni 1870 London ilikuwa ikiwasiliana na Bombay, na Pender akaandaa karamu kubwa nyumbani kwake iliyohudhuriwa na mwana mfalme. Mwaka wa 1872 aliunganisha kampuni zake kadhaa zikazaa Eastern Telegraph, dubwana lililokuja kutawala mawasiliano kati ya Ulaya, Asia na Afrika.

Pwani yetu iliingia katika mtandao huo kwa sababu ya vita. Januari 22, 1879 Wazulu waliwashinda Waingereza huko Isandlwana, na habari zikachukua karibu wiki tatu kufika London kwa kuwa hakukuwa na waya wa moja kwa moja. Serikali ilishtuka. Pender alikuwa tayari na kandarasi. Kabla ya mwaka huo kwisha, waya uliteremka kutoka Aden hadi Zanzibar, enzi ya Sultan Barghash, kisha Msumbiji na Durban, kwa ruzuku ya kila mwaka kutoka serikali za Uingereza, Cape na Natal. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka wa 1890. Reli ilipofika Nakuru mwaka wa 1900, ikiandamana na nguzo za simu ambazo Wanandi upande wa magharibi walizipokonya nyaya na kuzifanya mapambo, mtu wa Bonde la Ufa angeweza kupeleka ujumbe Ulaya. Hata hivyo, ujumbe huo ulipofika Mombasa uliingia mikononi mwa kampuni moja tu.

Hapo ndipo ugomvi wake na serikali ulipolala. Pender alidai kwamba aliyebeba hasara peke yake ana haki ya faida. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila ilisahau ruzuku za umma zilizomtegemeza. Makoloni ya Australia, yaliyokuwa yakilipa zaidi ya shilingi tisa kwa neno moja, yalilalama hadi ada ikateremshwa kufikia shilingi nne mwaka wa 1891, kwa masharti kwamba yamfidie nusu ya hasara. Ukweli ni kwamba waliokuwa wakimdhibiti walikuwa wakimlipa ili akubali kudhibitiwa.

Kanada, ikichochewa na mhandisi Sandford Fleming, ilitaka dawa nyingine: waya wa serikali kupitia Bahari ya Pasifiki, utakaoshindana naye. Pender, ambaye alikuwa pia mbunge kwa miaka mingi licha ya kunyang'anywa kiti cha Totnes mwaka wa 1866 kwa tuhuma za hongo katika uchaguzi, aliupinga mpango huo kwa kila hila aliyoijua. Alifaulu kuuchelewesha tu. Aliaga dunia Julai 7, 1896. Mwezi uliofuata balozi Basil Cave alitumia waya wa Zanzibar kuomba London ruhusa ya kulishambulia kasri la Sultan. Jibu likaja, na vita vikaisha kwa muda usiotimia saa moja.

Waya wa Pasifiki ulifunguliwa mwaka wa 1902. Tayari kampuni ya marehemu ilikuwa imepunguza ada hadi shilingi tatu kwa neno.

Mwaka wa 1929 himaya yake iliunganishwa na ile ya Marconi, ikaitwa Cable and Wireless mwaka wa 1934, na ikataifishwa na Uingereza mwaka wa 1947. Kwetu, shirika la posta na simu lilivunjwa mwaka wa 1999 na tume ya kudhibiti mawasiliano ikaundwa, lakini Telkom Kenya ikaachiwa ukiritimba wa lango la kimataifa hadi 2004. Intaneti ya setilaiti ilibaki ghali mno. Serikali ya Kenya, ikiwa imechoka kungoja mradi wa pamoja wa kebo ya eneo hili, iliamua mwaka wa 2007 kuungana na kampuni binafsi kujenga yake yenyewe, TEAMS. Ilitua Mombasa Juni 2009 kutoka Fujairah, na kutoka hapo mawasiliano yakapanda bara kwa nyaya za nchi kavu kupitia Nakuru kuelekea Malaba.