Bibi Salme: Binti wa Mfalme Aliyeponzwa na Fitina za Ndugu

Kila litajwapo jina la Bibi Salme binti Said katika mabaraza yetu ya pwani, neno linalotangulia ni lile la kutoroka kwake na kuolewa na Mjerumani, na kuiacha dini ya wazee wake. Wako wamlaumuo, na wako wamhurumiao kama mwanamke aliyepofushwa na mapenzi. Mimi naona pande zote mbili huianza hadithi katikati. Kabla ya usiku ule wa 1866 alipopanda meli, ilikwisha pita miaka kumi ya fitina katika nyumba ya kifalme, na asiyeijua miaka hiyo hawezi kumjua bibi huyu.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ambalo magofu yake yangali yakitazama bahari. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa na kuuzwa angali mtoto. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai, wa mama mbalimbali, kila kundi na jumba lake na siri zake.

Sisi tuliopitia chuoni twajua thamani ya ubao na wino. Lakini siku zile watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kuisoma Korani tu. Kuandika ilikuwa kazi ya wanaume. Salme alijifunza kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nataka msomaji aukumbuke mfupa huo, maana ndio uliomtia katika siasa.

Baada ya kufa baba, Thuwaini alishika Oman na Majid akashika Unguja. Barghash, ndugu yao, hakuridhika. Mwaka 1859, mwaka ule ule ambao kipindupindu kilimchukua mama yake, Salme alikuwa yatima wa miaka 15 mwenye njaa ya kupendwa. Aliyempenda mno alikuwa dada yake Khole, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Basi binti huyu, ambaye Majid alimlea kwa wema tangu utotoni, akawa katibu wa waasi, akiziandika barua zao kwa mkono wake kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuandika. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Majid alimsamehe dada yake. Salme naye akapatana naye, na hapo ndipo alipopoteza upande wa pili: Khole na Barghash waliuona upatanisho ule kuwa ni usaliti. Tazama basi hali yake. Hana baba wala mama, ndugu mmoja amemkosea, na wengine wamemsusa kwa sababu ya kutubu. Mwanamke wa namna hii ndiye aliyehamia nyumba ya mjini, jirani na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mazungumzo ya paa kwa paa yakawa mapenzi, na mapenzi yakawa mimba.

Agosti 1866, katika shamrashamra za Siku ya Mwaka, wanawake walipoteremka pwani kuoga, alichukuliwa na mashua ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, na huko tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku ile ile. Mtoto huyo hakuishi hata kuiona Hamburg. Wakazaliwa wengine watatu. Mdogo wao alikuwa hajatimiza miezi minne, Agosti 1870, baba yao alipokanyagwa na tramu akafa. Mapenzi aliyoyanunua kwa kila alichokuwa nacho yalidumu katika ndoa miaka mitatu tu na kidogo.

Miezi michache baadaye Majid akafariki, na aliyeketi kitini akawa Barghash, yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi. Mjane huyu akiwa na watoto watatu katika nchi ya baridi, aliomba urithi wake na, zaidi ya urithi, uso wa ndugu yake. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata, lakini wakubwa wa Kiingereza walimzuia wasionane. Mwaka 1885 Bismarck alimrudisha Unguja pamoja na manowari zilizokuja kumtisha Barghash akubali madai ya Wajerumani bara. Barghash alipokubali, haja ya binti mfalme ikawa imekwisha. Alirudi Ujerumani mikono mitupu, bila kupokewa na ndugu yake.

Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilitolewa Berlin kwa Kijerumani. Alirudi Unguja tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, na safari hiyo nayo hakupata kitu. Akaishi miaka mingi Jaffa na Beirut, karibu na lugha ya baba yake, mpaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Wazee husema mwacha asili ni mtumwa, na wengi humpigia Bibi Salme mfano huo. Hukumu ya imani yake ni ya Mola wake, nami sina kauli. Lakini juu ya asili yake nasema hivi: kabla yeye hajaiacha, nduguze walikuwa wamekwisha kuigawanya vipande, na kila kipande kilimtaka akikane kingine. Wenye mabinti nyumbani na walifikirie hilo, hasa siku za ugomvi wa mirathi.